Jibu la Nyuma ya Turubai

Bariadi,
Jumapili jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwangaluka, hata kama barua itakukuta jioni. Mpunga wa Nassa unaendeleaje, na wadogo zangu hawajambo? Sisi tupo, ila mjukuu wako Milembe anaota meno. Halali wala halazi mtu. Sasa hivi yuko mgongoni ananivuta nywele, kwa hiyo mwandiko ukiyumba ni yeye. Wabeja sana, asante kwa samaki.

Mdogo wangu Mayige kanifikishia ujumbe wako, kwamba kwenye harusi yangu na Josia hukanyagi ikiwa wataimba "Toka Tukuone". Nilishangaa, baba. Huku hakuna harusi isiyo na wimbo huo. Bibi harusi akichelewa tu, watu wanaanza: jua linazama, toka tukuone. Hata Milembe nambembeleza nao. Nikajiuliza, wimbo umekukosea nini?

Nikaanza kuulizia. Mwalimu wa kwaya akasema ni wa zamani, hauna mwenyewe. Bibi Felisita wa Maswa aliposikia hivyo alicheka mpaka akakohoa, akasema mwenyewe yupo hai, tena ndiye baba aliyenizaa. Eti mlikuwa na kikundi cha maigizo, mkizunguka minadani msimu wa pamba: wewe bwana harusi, mama bibi harusi, yeye mama mkwe mkorofi. Sikujua, baba! Siku ile kwenye mnada wa Sola mama akakawia nyuma ya turubai. Watu wakazomea kwamba bwana harusi kakimbiwa. Ndipo ukautunga hapo hapo, ukaurudia, uwanja mzima ukaitikia. Mama hakutoka. Ukaamini amekukataa kweli, ukavua koti la igizo, ukaenda zako Nassa. Wimbo ukabaki.

Basi nimeelewa kwa nini hutaki kuusikia. Lakini ipo sehemu hukuisikia. Bibi Felisita alikuwa mle ndani na mama, akihangaika na zipu. Gauni lilikataa kufunga kwa sababu yangu, na mama alikuwa hajakuambia. Kila ulipoita toka tukuone, yeye alikujibu kwa kuimba: ningoje, nafunga. Ngoma zikamzidi.

Nilimuuliza mama mwenyewe. Huku akichambua mchele, akasema miaka yote alidhani ulimsikia, ukaondoka hivyo hivyo.

Sikuandikii ili mrudiane. Una mkeo, naye mama ana maisha yake. Ila nakwambia wazi, na usikasirike: nimeshamwagiza mwalimu wa kwaya, wimbo utaimbwa. Ubeti wa kwanza kwaya itanyamaza. Mama amekubali kujibu, na amesema safari hii atapaza sauti.

Wa kuita ni wewe, baba.

Josia anakuamkia. Nisalimie mama mdogo na watoto wote, waje nao. Milembe amesinzia, naweka kalamu chini kabla hajashtuka.

Ni mimi mwanao,
Nyamizi