Umri wa Mpira

Babati,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, wajina wako amelala kifuani kwangu, maana nikimlaza tu anaamka. Anaota meno mawili kwa pamoja na wiki hii sijapata usingizi wa kueleweka. Ukiona mwandiko umepanda umeshuka, ni yeye huyo. Sisi wengine ni wazima, Jeni amerefuka mpaka sketi za shule zimekuwa fupi. Wewe mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua uliyopewa zahanati unaitumia, au umeiweka kabatini kama nyingine? Na maharage mmevuna yote au mvua iliwawahi?

Kesho nitampa kondakta wa basi la Kigoma mfuko pamoja na barua hii, Yona aupokee hapo stendi ya Kasulu. Kuna mchele wa Magugu, na kuna sweta nimelifuma mwenyewe kwa mashine yangu. Nyuzi zilibaki kwenye oda ya shule, kwa hiyo utaona ni la bluu lenye mstari wa njano shingoni. Wakikuuliza uko darasa la ngapi, waambie ulishahitimu. Lakini livae mama, ni zito.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu ni vyumba viwili, ninalosema ndani linasikika uani. Na wewe simu yako ni ya sauti ya nje, nikikusalimia majirani wote wanaitikia. Najua Yona ndiye atakayekusomea kwa kuwa miwani yako uliikalia. Shemeji, soma yote, hata yanayokuhusu, usiruke.

Ninachoomba nakisema mapema ili usisome kwa wasiwasi. Naomba cheti cha ubatizo cha Baba Jeni, kile ulichoniambia siku ile kimo kwenye sanduku lako la bati. Sababu ni hii.

Unajua mwenyewe kwamba mwanao ana umri wa aina mbili. Alipokwenda Dar kujaribiwa mpira, yule mtu aliyempeleka alimwambia kwa miaka yake hawatamtazama hata mara mbili, akampunguzia mitano. Tangu siku hiyo ana umri wa mpira, na ana ule wa kwako. Mwaka huu kwa mpira ana thelathini na mbili, kwako ana thelathini na saba. Mimi aliniambia mapema, kabla hajaja kwetu kujitambulisha, nami nikaona bora mwanamume anayesema.

Tulipofika hapa mwaka jana, bodaboda walitupokea stendi wakapiga honi mpaka uwanjani. "Winchi! Winchi!" Lile jina alilopewa Dar kwa jinsi alivyokuwa akinyanyuka kupiga vichwa lilikuwa limefika kabla yetu. Katibu wa timu, mzee mmoja anayeuza vipuri vya pikipiki, alishika kipaza sauti akasema ligi ya mkoa haijawahi kupata mtu wa aina hii. Na kweli. Wenzake kwenye timu ni mafundi uashi, bodaboda, na mwalimu mmoja wa hesabu. Wanaenda kwenye mechi wamesimama nyuma ya Fuso, na yeye anasimama nao. Yule aliyekuwa akipanda ndege na timu yake kwenda kucheza nchi za watu. Sisemi hivyo kwa kumdharau, wala hajalalamika hata siku moja. Tena miezi ya kwanza alifunga sana, watoto wa mtaa wetu wa Nakwa wakawa wanamfuata mpaka mlangoni.

Kisha goti likaanza. Jirani yetu anauza barafu za ubuyu, zile za vimfuko. Akirudi kutoka kwenye mechi nachukua nne, namfungia gotini kwa khanga. Zikianza kulegea Jeni anakuja kuzidai. Suruali zote za baba yake zina madoa mekundu, kanisani wanadhani ametoka kuchinja.

Na watu wa mpira unawajua, wakikupenda leo usiwategemee kesho. Siku moja amekosa bao la wazi, nikasikia nyuma yangu, "Winchi imeishiwa dizeli!" Mwingine akajibu, "Dizeli ipo, chuma ndicho kimeliwa na kutu. Ipelekeni gereji." Uwanja mzima ukacheka. Pembeni yangu alikuwa mama anayeuza karanga, akaniambia, "Dada, huyo mzee wenu si wangemwacha apumzike?" Nikamwambia, "Huyo mzee ni mume wangu." Akanifungia karanga kwenye karatasi akanipa.

Sasa mwezi uliopita mambo mawili yalikuja ndani ya wiki moja. La kwanza, mama mwenye shule ninayemfumia masweta kule Singe aliniambia anatafuta mwalimu wa michezo. Amemwona Baba Jeni akiwafundisha watoto wa mtaani kupiga pasi, akapenda anavyowasemesha. Akasema, "Mwambie alete vyeti kabla shule hazijafunguliwa. Cha ubatizo kinatosha kwa kuanzia, ila kiwe cha kweli, mimi sitaki mambo ya mpira."

La pili, Baba Jeni akapigiwa simu na timu moja ya kusini, daraja la chini kama hii. Wanataka mshambuliaji mzoefu asiyezidi miaka thelathini na tatu. Alikata simu anatabasamu. "Mama Jeni, nimebakiwa na mwaka mzima hapo."

Nikamtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Mama, tumehama mara nne tangu atoke Dar. Kila timu ni ndogo kuliko tuliyoiacha, na kila mara anasema hii ndiyo ya mwisho. Jeni amesoma shule tatu na yuko darasa la tatu. Anapopata rafiki, mimi nafunga mizigo. Nikamwambia, "Mashine yangu nimeshaifunga hapo dirishani, siifungui tena. Ukitaka kwenda, nenda. Nitakufungashia na nitakuombea. Lakini mimi na watoto tuko Babati." Hajazoea nimwambie hivyo. Akasema, "Nikipeleka kile cheti, mpira umekwisha." Nikamjibu, "Goti limeshakuambia, cheti kinafuata tu." Tukakaa siku tatu tunasalimiana kama wapangaji.

Alhamisi katibu alikuja kunywa chai. Jeni alikuwa mezani na daftari, wamepewa kazi ya likizo ya kuandika "Familia Yangu", majina na umri. Akaniuliza, "Mama, baba mdogo Yona ana miaka mingapi?" Nikasema thelathini na nne. "Na baba je?" Nikamwachia mwenye umri ajibu. Baba Jeni akamtazama katibu, akasema, "Thelathini na mbili."

Jeni akaandika. Akafuta. Akaandika tena. Akamwangalia baba yake, akamuuliza, "Sasa baba, si wewe ndiye baba mdogo?"

Katibu alipaliwa na chai. Alipopata pumzi akasema, "Huyu mtoto mpelekeni kwenye kamati ya usajili." Mimi nilijificha kwenye kunyonyesha. Baba Jeni hakucheka wala hakugomba, alitoka nje akasema anaangalia kama nguo zimekauka. Miaka yote niliyokaa naye hajawahi kujua kamba ya nguo iko wapi. Shemeji Yona, ndiyo hayo yanayokuhusu. Kwenye daftari la Jeni wewe sasa ni kaka mkubwa.

Jana walicheza na timu ya Sigino. Nilikwenda na watoto. Kulikuwa na beki wao mmoja, kijana mwenye mabega mapana, aliyekuwa akimchokoza tangu mechi ya kwanza ya msimu. "Leo umekunywa dizeli, Winchi?" Baba Jeni anayaweza hayo, ameyasikia viwanja vikubwa zaidi. Kipindi cha pili ikapigwa krosi, nikamwona anarudi nyuma hatua mbili kama zamani, akapanda. Alipanda kweli mama, hata waliokuwa wanamcheka walisimama. Mpira akaupata, ukapita juu ya goli. Aliposhuka goti likamkataa, akakaa chini.

Nikajua yule kijana atasema kitu. Aliinama, akamshika mkono na kumnyanyua, akamfuta vumbi mgongoni. Midomo yake niliiona ikitembea, lakini kutoka nilipokuwa sikusikia. Baba Jeni akainua mkono kwa kocha, akatoka mwenyewe, hakusubiri kubadilishwa.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, polepole, Jeni ametangulia na njumu za baba yake shingoni. Karibu na kisima akasema, "Yule kijana alinipa shikamoo."

"Alikuwa anakukejeli?"

"Hapana. Ndiyo shida yenyewe. Angenikejeli ningemjibu."

Kisha nikamuuliza, "Ulimwambiaje?"

"Niliitikia," akasema. "Marahaba ilinitoka kabla sijafikiri."

Tukafika nyumbani. Nilimfunga barafu, Jeni akazidai, tukala ugali na dagaa. Leo asubuhi baada ya kanisa nikamwambia, mchana namwandikia mama, naomba cheti. Sifanyi kwa siri. Amechukua kigoda amekaa uani, na ile simu ya kusini imeita mara mbili. Sijui anawaza nini. Ninajua tu kwamba shule zinafunguliwa Jumatatu ya wiki ijayo, na basi linalotoka Kasulu Jumatano linafika hapa mapema kutosha. Kama ataamua kwenda kusini cheti kitakaa kwangu, sitamlazimisha mtu mzima. Lakini siku akikihitaji nataka kiwe ndani ya nyumba hii.

Kiwekeni kwenye bahasha ngumu kisikunjike. Yona, usikipige picha ukanitumia kwa simu, mwenye shule anataka karatasi.

Msalimie mjomba wake Baba Jeni, mwambie ule wimbo aliomfundisha Jeni wa kuhesabu mbuzi umefika mpaka shuleni. Msalimie mke wa Yona na tumbo lake, asinyanyue ndoo. Msalimie shangazi anayeuza mawese sokoni, yale ya mwisho yaliisha nikakwangua kopo. Na mama mwenye nyumba wetu anakusalimu ingawa hamjaonana, anasema aliyemzaa huyu mrefu lazima alipata shida.

Mama, usifikiri nimemchoka mwanao. Nimechoka kufunga mizigo, ni tofauti. Kaa na afya, vaa sweta.

Ni mimi mkweo unayeniita mwanangu,
Mama Jeni

Mama, nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeifungua tena. Baba Jeni ameingia akasema, "Lete nisome." Nikampa. Amesoma amesimama, mguu mmoja ameupumzisha, mpaka ukurasa wa mwisho. Kwenye zile barafu alicheka. Halafu akarudi ukurasa wa kwanza akaweka kidole.

"Hapa umekosea. Umeandika thelathini na saba."

"Si ndiyo?"

"Yule wa Dar alinipunguzia mitano," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapunguza miwili kabla sijaonana naye."

Nikamuuliza, na mimi mkeo ukanipa hesabu ya nani? Akasema, "Wewe ulikuwa na miaka ishirini. Niliogopa."

Mama, kumbe wewe na padri tu ndio mlikuwa mnajua nimeolewa na nani. Hilo nitalizungumza naye nikipata nafasi, sasa hivi mtoto ameamka na huyu mwingine anataka kalamu. Haya yanayofuata ni mwandiko wake.

Shikamoo mama. Wale wa kusini nimewapigia, nimewaambia wamtafute kijana. Cheti kitume kilekile, padri asibadilishe kitu. Jeni anasubiri na daftari lake arekebishe. Ni mimi mwanao wa kwanza, mkubwa wa Yona, miaka thelathini na tisa.