Leo Mzinga ni Nani

Kwako dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na wapwa zangu wale watundu mmeamka salama. Ukitaka kujua habari zangu, kaa chini kwanza. Mdogo wako aliyeishia darasa la saba, walimu wakashusha pumzi, sasa ndiye bingwa wa sukari ya asubuhi kliniki nzima ya kisukari. Madaktari wakiniona wanaficha vipimo vyao kwa aibu. Kongosho langu limegoma kazi tangu mwaka juzi, lakini nimelikalia kooni, halifurukuti.

Ubingwa huo una chanzo chake. Nesi wetu, mama mwenye maneno mengi, alitugawa wawili wawili, kila mgonjwa na mwenza wake. Asubuhi kabla ya chai unajidunga kidole, unasoma namba, unampigia mwenzako. Ikiwa juu, mnaulizana jana mlikula nini. Ikiwa chini ya nne, alisema na kurudia kama kasuku, sukari kwanza, maneno baadaye.

Mimi nikapewa Gundi, fundi viatu wa jirani na karakana ninakochomelea mageti. Mtu mzima, wajukuu anao, lakini kwa utani, dada, hata mimi nilikuwa nakoma. Siku ya kwanza tu aliniuliza kama hizo nywele zangu nimezichomelea mwenyewe.

Simu za namba tupu zilinichosha upesi. Nikaleta mchezo: mwenye namba ya chini ndiye Bingwa, na wa juu anaitwa Mzinga, kwa asali aliyobeba, jina analivaa mpaka kesho yake. Gundi alicheka mpaka akakohoa, akasema mtoto wa juzi hawezi kumfundisha kushinda. Basi nikamshinda. Nikawa napita kibandani kwake nikimwamkia kwa sauti, shikamoo Mzinga, mbele ya wateja, naye ananirushia kisigino cha kiatu. Na kusema kweli mchezo ulitufaa. Yeye aliacha soda, mimi nikaacha kuruka sindano. Nesi alitusifu mbele ya kikundi, nami nikapunga mkono kama mheshimiwa.

Kisha Gundi akachoka kuitwa Mzinga. Mkewe ameniambia baadaye kwamba alianza kujidunga insulini yake ya jioni yote, halafu sahani anaisukuma kando. Akiulizwa, anajibu kuna kijana mmoja lazima amzibe mdomo.

Jumanne iliyopita mvua ilikuwa inanyesha, simu ikalia nikiwa bado chini ya blanketi. Ni Gundi, anaburuta maneno kama mtu anayeburuta gunia. Akasema mbili nukta nane, na leo Mzinga ni wewe. Nyuma yake nikamsikia mkewe akimhimiza anywe chai, ameshaitia sukari tele, anaishika tu ya nini. Gundi akaniuliza, kwa upole nisiouzoea, Bingwa unaonaje, niinywe? Nikamjibu kwamba mimi nina mbili nukta tano na nimesimama wima kama nguzo ya umeme, kwa hiyo anywe tu kama anataka kubaki Mzinga. Akacheka. Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

Mkewe alitoka uani kukinga maji ya mvua. Aliporudi alimkuta sakafuni, anatetemeka, povu mdomoni, na chai imepoa pale pale.

Daktari wa wodini anasema ubongo ulikaa njaa muda mrefu mno. Macho ameyafumbua, lakini akimwona mkewe anadhani ni mama yake, na vidole vinashona shuka bila sindano, kutwa nzima. Jana nilimwinamia sikioni nikamwita Mzinga, nikingoja tusi. Akanitazama kama anayetazama ukuta.

Mkewe hakusikia upande wangu wa ile simu. Anadhani ni ukaidi wa mumewe tu. Ananishika mkono, ananiita mwanangu, anashukuru kwamba mzee wake alipata rafiki wa kumchekesha. Kisha ananiachia kijiko nimlishe.

Msalimie sana shemeji. Wapwa wabusu, na uwaambie mjomba atawachomelea baiskeli. Mama usimsomee barua hii, mwambie naendelea vizuri. Na wewe ukipata nafasi, dada, njoo unisindikize kwa mke wa Gundi, maana nikienda peke yangu nalisha, naosha kijiko, naondoka bila kumwambia.

Kwa sababu hata wewe sijakwambia lote. Ile mbili nukta tano haikuwepo. Sikuwa nimejidunga kabisa. Kipimo kilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli, ukutani, nami sikutaka kutoka kwenye joto. Nilijidunga baada ya kukata simu, kikasoma kumi na saba. Gundi alikuwa ameshinda, dada, na kikombe kilikuwa mkononi mwake.

Ni mimi mdogo wako,
Mzinga