Jiliwa Langu na Mizani ya Viazi

Jumatatu, 4 Machi 1974
Ukungu mpaka saa nne. Nimeranda miguu ya madawati. Msonobari mbichi, unalia maji.
Afisa wa wilaya anakuja Ijumaa. Karakana yetu ina majiliwa mawili ya kubania mbao mezani, moja lazima literemshwe kijiji kipya cha tambarare. Moja ni jipya, la serikali, la buluu. Jingine langu. Samahani, letu. Nalichukia neno hilo likitamkwa na mtu asiyejua kukaza skrubu.

Jumatano, 6 Machi
Kikao. Nimependekeza yapimwe. Mkono wa kila jiliwa uvutwe kwa mizani ya viazi hadi alama ileile, yote yakazwe sawa, kisha mbao iliyobanwa ining'inizwe mawe. Jiliwa litakaloachia kwanza liende. Makofi.
Jana nilishapima peke yangu. La buluu linashika kilegevu, kama mkono wa mgombea baada ya kura.

Ijumaa, 8 Machi
Langu limekwenda.
Baba mkwe, Mzee Shemdoe, aliwahi karakana kabla yangu. Alitaka mgeni apokewe kwa heshima. Alifagia, kisha akalipaka jiliwa langu grisi lote, hadi ndani ya meno yanayobana, ling'ae. La buluu aliliacha, rangi ilitosha.
Nilipofika, Afisa alikuwa analikaza. Mawe machache tu, mbao ikachomoka kama sabuni. Kicheko.
"Ndugu fundi, chuma chako kimezeeka!"
Hapo nikaiona grisi. Mzee naye aliiona. Akavua kofia, akaanza kuizungusha mkononi. Kusema ni kumvua nguo mkwe mbele ya kijiji kizima.
"Kweli, ndugu. Kimezeeka."
Wakalifungua, wakalipakia.

Jumamosi, 9 Machi
Sijala. Mke wangu kauliza, nikasingizia tumbo. Nimwambie nini? Ni baba yake. Nina hasira na mzee, na Afisa, na waliocheka. Zaidi na yule mwerevu aliyeleta habari za kupima.

Jumatatu, 11 Machi
Nimetoboa matundu mapya mezani, nikalifunga la buluu. Mzee akaingia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia chinichini, akanishikia mbao nikikaza.
"Linabana, mwanangu?"
"Linabana, baba."
Nikagusa randa. Mbao ikateleza, ikaanguka miguuni pake. Akainama taratibu, akaiokota, akaipangusa vumbi, akairudisha.
Akabaki ameishikilia mwenyewe. Nikaranda.