Betri ya Boti ya Kijiji

Luciana, uko? Nimeondoka kwenye matanga ya baba sasa hivi.

Unajua alivyoitwa mhujumu enzi za ujamaa, kisa injini ya boti ya kijiji, kule ziwa Kitangiri, haichaji betri. Alibadilisha waya, akabadilisha fyuzi, asubuhi betri imekufa tena. Viongozi wakamvua ufundi wa boti mbele ya mkutano wa kijiji.

Leo rafiki yake, mzee Kefa, kasimama kusimulia: "Injini ilikuwa inachaji vizuri tu. Mimi kila jioni nilikuwa napeleka betri nyumbani kusikilizia redio, alfajiri nairudisha."

Kusikilizia redio, Luciana. Na siku ya mkutano alikaa ubavuni kwa baba, kimya.

Baba amekufa akiamini injini ile ilimshinda.

Watu walicheka sana. Na mimi nilicheka nao, kabla sijaelewa.