Jumamosi za Mama Mkubwa

Ofisi ya Klabu za Kujitolea, Wilayani,
Meza ya dirishani,
Jumapili mchana, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Ndoo,

Najua huko wanakuita Mhandisi, na ni haki yako, jina hilo umelisomea. Lakini mimi nilikuona ukivaa ndoo kichwani na kujigonga kwenye mlango wa stoo, kwa hiyo kwangu utabaki Ndoo mpaka tuzeeke. Hujambo lakini? Kifua kimetulia? Mkeo hajambo, na huyo binti yenu ameanza kusimama au bado anavuta vitambaa vya meza? Sisi tu wazima. Goti langu linalalamika nikipanda ngazi, na kwa kuwa linalalamika hata nikishuka, nimeacha kulisikiliza.

Ningeweza kupiga simu, ila simu zetu unazijua. Wewe unasema uko sawa, mimi nasema hata sisi tuko sawa, halafu mtandao unakatika na kila mtu anabaki na yake moyoni. Leo nina jambo ambalo sitaki likatikie njiani. Nitalifikia polepole, na usinihimize.

Kwanza habari za kazi. Tangu wanichague kuwa mwenyekiti wa klabu za wilaya nzima, sijui tena Jumamosi ya kukaa na kunyoosha miguu. Nilidhani uenyekiti ni kukata utepe na kupewa kiti cha mbele. Kumbe ni kuamua ugomvi wa watu wema, na watu wema wakigombana hawashikiki. Mwezi uliopita klabu ya karibu na stesheni ilizibua mtaro wake vizuri sana, ila tope lote wakalimwaga ng'ambo ya barabara, kwenye eneo la klabu ya sokoni. Jumamosi iliyofuata wale wa sokoni nao wakazibua wa kwao, wakalirudisha tope lote lilikotoka, na la kwao juu. Nilipofika nilikuta pande zote mbili zimeshika makoleo, zinanisubiri niseme tope ni la nani. Nikawaambia ni langu. Nikaazima toroli, nikaanza kulizoa peke yangu na hizi nguo zangu za mkutano. Wakaona haya, wakaninyang'anya toroli. Nilicheka njia nzima nikirudi, kisha nikatamani ungekuwepo, maana kichekesho hicho nani mwingine angekielewa?

Wilaya imekua, mdogo wangu. Enzi zetu klabu ilikuwa moja tu, ile ya mama yako, mama yangu mkubwa, na makao yake makuu yalikuwa stoo ya nyuma ya nyumba. Siku hizi kuna klabu ya mafundi cherehani, kuna ya madereva wastaafu, kuna ya wauguzi ambao wakitoka zamu wanakwenda kufagia uwanja wa shule badala ya kulala. Wana fulana zenye maandishi mgongoni. Sisi tulikuwa na aproni moja ya bluu, ya Mama Mkubwa, na wengine wote tulivaa nguo zilizokwisha.

Unazikumbuka zile Jumamosi? Alikuwa hatuamshi kwa majina. Alizipanga ndoo chini ya dirisha letu, moja ndani ya nyingine, kwa kelele za makusudi, na tukijitia tumelala alizipangua akaanza upya. Stoo ilinukia sabuni ya mche na rangi ya mafuta. Mimi nilipewa firimbi ya kuanzisha kazi kwa kuwa nilikuwa na mdomo mwingi, na wewe ukapewa ndoo kwa kuwa hukuwa na kazi nyingine uliyoiweza. Tulitoka kwa mstari, yeye mbele na ngazi begani, na wanaume wa kwenye kibaraza cha kinyozi wakajifanya wanasoma gazeti moja watu wote, wasije wakaombwa kuibeba. Mpaka leo nikisikia ndoo zikigongana mahali, najawa na furaha ya ajabu, halafu nakumbuka nina umri gani.

Ninachokikumbuka zaidi ni pale mlangoni. Mama Mkubwa hakuwahi kuingia kwa mtu na kuanza tu kusugua. Alivua viatu, akasimama kizingitini na kumuuliza mwenye nyumba: "Tuanzie wapi?" Hata kama masizi yanaonekana kutoka barabarani, aliuliza. Unamkumbuka yule mzee fundi saa, ambaye macho yalikuwa yamekwisha? Alifikiri weee, sisi tumesimama juani na maji yanapoa kwenye ndoo, mwisho akasema tuanzie kwenye rafu ya saa zake mbovu. Paa linavuja, jiko limekuwa jeusi, sisi tunapangusa vumbi kwenye saa ambazo hazitembei. Ulinung'unika na Mama Mkubwa akakufinya sikio. Alisema nyumba ni ya mzee, kwa hiyo mwenye kuamua ni mzee. Nakumbuka yule mzee alivyokuwa akizipokea zile saa moja moja baada ya kufutwa, anazipapasa na kutuambia kila moja ilikuwa ya nani.

Sasa klabu zote za wilaya zinauliza hivyo mlangoni, hata wale wasiojua swali lilianzia kwa nani. Mimi wanachama wapya nawafundisha swali hilo kabla hata ya kuwaonyesha mafagio yanapokaa.

Haya, nimefika kwenye lile jambo.

Jumamosi ya wiki iliyopita, tarehe 6, klabu ya mtaani kwetu ilikuwa imepanga kupaka rangi zahanati, na Mama Mkubwa alijua wanampitia kama kawaida. Asubuhi na mapema alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango, aproni kifuani, viatu vya mpira miguuni, na brashi yake mwenyewe ameifunga kwenye gazeti. Pikapu ikasimama. Akainuka kwa kushika ukuta, akaelekea kupanda. Wao wakashuka. Wakashusha ndoo, wakashusha ngazi na mafagio. Akadhani gari limeharibika. Ndipo katibu wa klabu, yule kijana mpole anayetengeneza simu, akavua viatu, akasimama mbele yake kwa adabu zote alizofundishwa, akauliza: "Mama, tuanzie wapi?"

Hakukuwa na haja ya kumweleza zaidi. Swali hilo amewauliza watu miaka yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Fundi simu anasema uso ulimbadilika. Akawatazama mmoja mmoja, na wengi wao ni yeye aliyewafundisha kushika brashi, kisha akawajibu: "Anzieni mlikotoka." Akaingia ndani akatia komeo.

Sasa hebu fikiria. Mwenye nyumba hajawaonyesha pa kuanzia, kwa hiyo hawawezi kugusa kitu. Kuondoka nako wanaogopa, maana ni Mama. Nilipoitwa niliwakuta wamejipanga ukutani na ndoo zao, wamenywea kama watoto waliotolewa darasani. Ningecheka, ila fundi simu alinivuta pembeni ya geti akaninong'oneza kwamba aliyeomba mama aanze kuhudumiwa ni wewe. Ulimpigia ukamsihi.

Nisikufiche, nilikukasirikia. Nilisema peke yangu pale getini maneno ambayo karatasi hii haina kosa la kuyabeba. Kisha hasira zikanitoka, kwa sababu najua ulivyoshtuka uliposikia ameanguka bafuni. Wewe uko mbali. Unaambiwa ameanguka, na hukai hapa ukaona jinsi alivyoinuka akaendelea kufua. Ningekuwa mimi pengine ningefanya hivyo hivyo. Na sitakudanganya kwamba bado ana nguvu. Mkono wa kulia unatetemeka, na akipanda ngazi anasimama katikati akisingizia kutazama maua. Madirisha yake ya juu ni machafu kweli, Ndoo. Lakini hakuna aliyemuuliza kwanza yeye mwenyewe anataka nini, si wewe, si klabu, wala mimi ninayezunguka wilaya nzima nikifundisha watu kuuliza.

Nilibisha hodi, akanifungulia. Akanipa kiti cha wageni. Chai akaileta kwenye vikombe vya kabatini, vile tulivyokatazwa hata kuvitolea macho. Amenilea mwenyewe na siku zote ananiita Firimbi, lakini siku hiyo nilikuwa "Mheshimiwa Mwenyekiti". Mheshimiwa Mwenyekiti anaongeza sukari? Mheshimiwa Mwenyekiti haoni jua linampiga machoni? Nilitamani bora anichape.

Tatizo lenyewe ni kanuni, na kanuni alizitunga yeye. Mtu anayehudumiwa na klabu hatumwi kazini, ili mgonjwa asije akajikokota kwenda kulipa fadhila. Na ndugu akishaomba huduma, mwenye kuliondoa ombi ni huyo huyo aliyeliomba, ili majirani wenye chuki wasipate nafasi ya kumkatia mtu msaada. Nilimwambia kwamba mimi kama mwenyekiti naweza kufumba macho, apande pikapu yake, yaishe. Akanitazama yale matazamo yake.

"Ukifumba macho kwangu, kwa wengine utawakodolea kwa uso gani?"

Nikakoroga chai iliyokwisha korogwa.

Alichoambiwa yeye ni kwamba ombi limetoka kwa mtu wa familia, basi. Ananishuku mimi. Nilianza kujitetea, kisha nikakumbuka kwamba nikijitoa mimi anabaki mmoja tu. Nikafunga mdomo, nikanywa chai. Akaniuliza kama wewe unajua habari hii. Kabla sijapata la kusema akajijibu mwenyewe.

"Hapana. Mwanangu asingeweza kunifanyia hivi. Yule ananijua."

Nikainamia kikombe machozi yakinitoka, nikasingizia chai imeniunguza. Akaniletea maji ya kunywa. Hata maji aliyaleta kwenye sinia.

Hii ndiyo sababu ya barua hii. Nakuomba sana umpigie fundi simu, umwambie umeondoa ombi lako. Habari ya kuanguka isikunyime usingizi. Mume wangu ameshafunga vyuma vya kushikia bafuni, baada ya Mama kumuuliza maswali mengi kuhusu kimo cha kuvifunga. Pikapu itampeleka na kumrudisha. Kazini atakaa kwenye kiti awafundishe wapya kuchanganya rangi, na wanahitaji kweli kufundishwa, kwa sababu walipokwenda zahanati bila yeye walitoka na kuta za kijani cha aina mbili, na mganga anawaambia wagonjwa ndivyo ilivyokusudiwa. Madirisha ya juu nitayasafisha mimi. Mimi si klabu, ni mtoto wa nyumba ile, na nitamuomba ruhusa kabla sijainua ngazi.

Kama utamwambia kwamba aliyeomba ni wewe, au utanyamaza, hilo nakuachia. Mimi uheshimiwa nitaubeba kadiri utakavyotaka, ila usinibebeshe mpaka uzee. Unaniuma. Jana nimepita kwake akanifungulia mlango na kunikaribisha "nyumbani kwetu hapa", kana kwamba sijawahi kulala ndani humo.

Mume wangu anakusalimu na anauliza kama huko mnapata vipuri vya baiskeli za zamani. Jirani yetu mkunga anakusalimu, anasema ukija usije mikono mitupu, na hataki manukato, anataka viatu vya kusimamia kazini. Watoto wangu wanakusalimu wote, hata mkubwa ambaye siku hizi hasalimu mtu. Kinyozi bado yupo, bado anasoma gazeti.

Na Mama Mkubwa anakusalimu sana. Jana nilimwambia kwamba nakuandikia, na kwamba huyo mtu aliyeomba nimeshamjua na nitamsihi aliondoe ombi lake. Hakuniuliza ni nani. Nilimkuta anafua aproni, polepole, kwa mkono mmoja. Nikamuuliza ana neno gani la kukutumia. Akasema nikwambie anakuombea, anambusu mjukuu wake, na siku hizi ukitaka kumpigia simu Jumamosi upige jioni, maana asubuhi utamkosa, atakuwa kazini.

Mungu akutunze ugenini, akuepushie maradhi na upweke, na siku moja akurudishe kwetu ukiwa mzima na wako wote.

Mimi wako nikupendaye hata nikikukasirikia,

Dada yako,
Firimbi