Kioo Kilichogoma Kushuka

Ndugu yangu Asumani,

Leo ni siku ya thelathini na tisa tangu tukuzike, na bado akili yangu inakataa. Mtu anaondoka asubuhi na mkewe kwenda Yangambi kumchukua mama mkwe, na kabla ya adhuhuri analetwa maiti.

Kioo cha mlango wa gari lako, upande wa dereva, kilikuwa kimelegea, mvua inakulowesha paja, ukawa unasema gari limegeuka mtumbwi. Tangu uasi uanze raba za milango hazifiki mjini, kwa hiyo nilikata za mpira wa ndani wa gurudumu la lori. Nikakiinua kioo, nikakaza skrubu, tukafanya jaribio letu la siku zote: kipande cha gazeti kibanwe kati ya kioo na raba, halafu ukivute. Kikitoka kizima, kazi bado. Chako kilichanika. Ukacheka: "Bon, sasa hata mupepo itaomba ruhusa."

Asumani, sikupaka sabuni. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba raba mpya hupakwa sabuni ili kioo kiteleze, na kioo kishushwe na kupandishwa mara nyingi kabla gari halijatoka gereji. Sabuni ilikuwa adimu, nikasema nitapaka ukirudi. Nilikipandisha tu. Sikukishusha hata mara moja.

Mama Zaina, mkeo, alinisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililoniogopesha. Pale kwenye kizuizi cha barabarani askari alisema, "Teremusha kioo." Ukazungusha mkono wa kioo, kikagoma. Ukainama ili uushike kwa mikono miwili. Akadhani unachukua bunduki. Laiti ungefungua mlango tu. Laiti.

Yeye analaumu vita. Kila siku ananiletea lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki, ananiambia kama shemeji yake, "Kula, semeki, ni weye ulikuwa rafiki yake." Nami nakula. Naona haya kukuandikia hivi, lakini nakula na kumaliza sahani.

Kesho ni arobaini yako. Dua ikiisha na watu wakitawanyika, nitakaa mbele yake nimwambie yote, la sabuni na la kioo. Akinifukuza, nitaondoka. Nakuahidi sitangoja keshokutwa.

Pumzika, ndugu yangu. Najua wewe ungenisamehe upesi, ndiyo maana sikuombi wewe.

Ramazani