Rangi Zote Nilizipa Jina Lako

Tata,

Ukuta wako, baba yangu, umesimama tena. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula.

Haukusimama pale pale. Pale penyewe pamekuwa shimo la mgodi, kampuni imelizungushia uzio. Umesimama kwenye ukurasa wa intaneti wa chama chetu sisi tuliohamishwa mtaa. Nimeuchora upya ule msalaba mkubwa wa shaba, kama pesa za mababu, uliopaka kwenye ukuta wa shule, na misalaba midogo kumi na mmoja chini yake, mmoja kwa kila avenyu. Nimechora kwa kompyuta. Mchoro wenyewe ni maagizo tu: anzia hapa, pinda pale, toka wekundu wa shaba nenda mpaka kijani cha jiwe la malakiti.

Unakumbuka ulivyonifundisha mpito ule kwa brashi mbili, rangi zikiwa bado mbichi? Nilikuwa na haraka, nikaacha ukanda katikati, kama mstari. Ukanishika mkono. "Mustari ni bantu banatiaka, mwana. Rangi yenyewe haina." Na siku mtu wa kampuni alipokuja kutia X nyekundu juu ya ukuta wako ili ubomolewe, kilichokukasirisha kwanza ni jinsi alivyoshika brashi. Kama kijiko, ulisema. Tulicheka, Tata. Kisha tingatinga likaja, na kabla mwaka haujaisha nawe ukaondoka. Sijawasamehe. Wanaoniambia nisamehe hawakuuona ukuta.

Basi. Ukurasa ulipofunguliwa, kwenye kompyuta yangu kila kitu kilipendeza, kwenye simu yangu pia. Kisha Mama akapiga kutoka Tenke, anakokaa sasa kwa dada yake. "Mi naona tu kweupe," akasema. Majina ya avenyu yalikuwepo, juu yake patupu. Kwa Tata Mukalay, rais wa chama, ikawa vilevile. Wenye kivinjari hiki waliona misalaba, wenye kile hawakuona kitu. Watu waliokwisha kufutwa mara moja walikuwa wanafutwa tena, safari hii na mimi.

Tata Mukalay alinihurumia, na huruma yake ndiyo iliyoniudhi. Alisema mkutano wa mtaa mzima umekaribia na watu watakuja na simu zao. "Tia rangi moja tu, mwana. Bantu batajua tu ni musalaba." Nikamjibu mbele ya kamati nzima: "Nakatala, Tata." Najua hukunilea niwajibu wakubwa hivyo. Lakini rangi moja? Wewe ungebeba ndoo yako ukaenda zako.

Siku tatu nililaumu vivinjari, nikalaumu simu za watu. Kosa lilikuwa langu, na utalicheka. Ndani ya mchoro, kila mpito wa rangi unapewa jina ili umbo liuite. Yote kumi na miwili niliipa jina moja, Kaumba. Jina lako. Nilifanya kama tunavyofanya nyumbani: mtoto wangu aliyezaliwa baada ya kilio chako ni Kaumba, na mimi mama yake namwita Tata, naye ananiangalia tu huku ananyonya kidole. Kwetu jina moja linawatosha watu wengi. Kivinjari hakijui mambo hayo. Kikisikia Kaumba kinakwenda kwa wa kwanza, yaani msalaba mkubwa, na huo nilikuwa nimeuficha kwenye simu kwa sababu kioo ni kidogo. Vivinjari vingine vinachota rangi hata mafichoni. Vingine vikikuta wa kwanza amefichwa vinasema hakuna rangi, na wadogo wote wanabaki bila kitu.

Nilipoelewa nililia. Ndivyo nilivyokuwa tangu ufe, Tata. Wewe umefichwa, na mimi nimekaa nangoja rangi kutoka kwako.

Sikai hivyo tena. Kila msalaba nimeupa mpito wake wenyewe na jina lake lenyewe, jina la avenyu yake. Lako limebaki kwenye ule mkubwa peke yake. Uonekane au ufichwe, wengine wanawaka.

Siku ya mkutano watu walitoa simu za kila aina, hata zenye vioo vilivyopasuka, na misalaba ikatokea kote. Tata Mukalay aliweka kidole kwenye avenyu yake na hakukitoa upesi. Rangi moja alikuwa ameisahau, nami sikumkumbusha.

Mama alifungua yake kule Tenke. Alinipigia, akasema amepitisha kidole kila rangi inapogeuka. Kisha akauliza, "Kaumba alipaka hii siku gani?" Sikumsahihisha. Alikuwa ametafuta mstari katikati ya rangi na hakuuona.

Pumzika sasa, Tata. Nakuaga kweli, safari hii bila kukung'ang'ania. Nakuahidi kwamba Kaumba mdogo akiweza kushika brashi nitampa mbili, na hatazishika kama kijiko. Wakibomoa na ukuta mwingine, nitauchora na huo, avenyu kwa avenyu, kwa rangi zake zote. Ile X yao sikuichora, wala sitaichora.

Mwanao